Banaras na Ngazi za Mto Ganga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilisoma Banaras miaka miwili. Tangu nirudi Tanga, mwezi hauishi bila mtu kunitumia ujumbe: shemeji anampeleka mgonjwa Delhi na amebakiwa na siku tatu, kijana wa mtaani amepata chuo huko, jirani wa Kihindu anataka kupeleka majivu ya marehemu babake. Maswali ni yale yale, na majibu yangu ya sauti yamekuwa marefu kuliko mawaidha ya Ijumaa. Basi nimeyaandika.

Banaras, Varanasi na Kashi ni miji mitatu?

Mji mmoja, majina matatu. Varanasi ndilo jina la serikali tangu 1956, nalo linatokana na vijito viwili vinavyoingia mtoni, Varuna upande wa kaskazini na Assi upande wa kusini. Banaras ni jina la wenyeji, la wauza chai na madereva wa bajaji. Kashi ni jina la ibada, maana yake ni mwanga. Ukilisikia ujue anayezungumza amekuja kuhiji au ni pandit, kuhani wa Kihindu.

Mji uko jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini mwa India. Mto Ganga unashuka kutoka Himalaya na safari yake kubwa ni kwenda mashariki hadi Ghuba ya Bengal, lakini hapa unakata kona na kupanda kaskazini, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani akarudi kukifuata. Wahindu wanaona hiyo ni alama ya baraka. Majengo yote yako ukingo wa magharibi, ambao ni mwinuko wa udongo mgumu. Ng'ambo ni mchanga mtupu unaomezwa na maji kila masika yao. Ndiyo maana asubuhi kila aliyesimama kwenye ngazi anatazama jua likichomoza juu ya mahali pasipo hata nyumba.

Na ndiyo, mto una jina la kitenzi chetu cha kutibu. Ni bahati tu, lugha hazihusiani, lakini mwalimu wangu wa Kihindi nilipomwambia kwamba kwetu "kuganga" ni kuponya, alifurahi kama nimemletea zawadi.

Ghati ni nini hasa?

Ni ngazi za mawe zinazoshuka kutoka mjini hadi ndani ya maji. Kwa hesabu iliyozoeleka ziko 84, zimepangana zaidi ya kilomita 6 kutoka Assi kusini hadi Adi Keshav kaskazini. Nyingi zilijengwa au kujengwa upya karne ya 18, watawala wa Kimaratha walipokuwa wakishindana kujenga kwa Mungu na kwa sifa.

Kila ghati ina tabia yake. Kuna ya dobi, mashuka yanaanikwa juu ya ngazi. Kuna ya nyati wa maji, wanalala mtoni hadi puani. Tulsi, iliyopewa jina la mshairi Tulsidas, ina uwanja wa mieleka ambako vijana wanagaragara kwenye udongo kabla jua halijawa kali. Kedar ina hekalu lenye mistari myekundu na myeupe, na utasikia Kitamil, lugha ya kusini mwa India, zaidi ya Kihindi. Dashashwamedh ndiyo sokoni, na jina lake ni kafara ya farasi kumi. Mbele yake kidogo, kwenye Lalita, kuna hekalu la Wanepali lililojengwa kwa mbao, na jirani na Manikarnika kuna hekalu la mawe lililoinama upande mmoja na kuzama tope hadi kiunoni.

Ushauri wangu: siku ya kwanza tembea tu. Anzia Assi asubuhi, mto uwe mkono wako wa kulia, nenda kaskazini polepole bila mwongozaji. Huwezi kupotea kando ya maji. Utapotea ukiingia vichochoroni, na huko ukipotea ni sawa na kupotea Mji Mkongwe au Lamu, ila badala ya punda utapishana na fahali wa mungu wao Shiva, naye hapishi.

Mimi ni Mwislamu (au Mkristo). Naruhusiwa?

Ghati ni za watu wote. Hakuna kiingilio wala anayekuuliza dini. Mahekalu yanatofautiana: mengine mgeni anaingia hadi ndani, mengine anaishia uani, na kibao cha mlangoni kitakwambia. Viatu vinavuliwa popote penye hekalu, hilo halina mjadala.

Hekalu kuu ni la Kashi Vishwanath, la Shiva. La zamani lilibomolewa mwaka 1669 zama za Aurangzeb, mfalme Mwislamu wa Dola ya Mughal, na hili la sasa lilijengwa 1780 na Ahilyabai Holkar, malkia wa Indore. Dhahabu iliyoko juu ilitolewa na Maharaja Ranjit Singh wa Punjab. Tangu Desemba 2021 kuna njia pana inayoshuka kutoka hekaluni hadi mtoni. Kuipitisha kulivunja mamia ya nyumba na vichochoro, na wazee wa mtaa bado wanabishana kama ilikuwa heri au shari. Mgeni anakwenda na pasipoti. Simu, kamera, begi, hata kalamu vinaachwa kwenye makabati. Mle mle jirani uko msikiti wa Gyanvapi, askari ni wengi, kesi za kugombea eneo hilo ziko mahakamani. Mada hiyo usiichokoze kwa watu usiowajua.

Kwa Waislamu wenzangu: mji huu una Waislamu wengi, na wa siku nyingi. Mtaa wa Madanpura ndio wa wafumaji wa hariri, misikiti ipo, na nyama halali ipo. Marehemu Ustadh Bismillah Khan, mpiga nzumari yao waitayo shehnai, aliyepewa Bharat Ratna, nishani kubwa kabisa ya kiraia ya India, mwaka 2001, alikuwa Mshia aliyefanya mazoezi yake miaka mingi kwenye hekalu lililo juu ya ghati ya Panchganga. Alifariki mjini hapo hapo Agosti 2006. Mtu akikwambia dini hizi mbili hazijawahi kukaa ukumbi mmoja, mtajie huyo.

Nafikaje kutoka Afrika Mashariki?

Ndege za moja kwa moja zipo Dar hadi Mumbai na Nairobi hadi Mumbai. Kutoka Mumbai au Delhi unachukua ndege ya ndani hadi uwanja wa Babatpur, ulio kama kilomita 25 nje ya mji. Ukiwa Delhi na una muda, panda treni. Ile ya kasi ya Vande Bharat, iliyoanza Februari 2019, inachukua kama saa 8 na chakula kinaletwa kitini. Treni za usiku ni za bei nafuu na zina vitanda, ila funga begi lako kwa mnyororo chini ya kiti kama wanavyofanya wenyewe. Angalia pia jina la stesheni: nyingine zinaishia Mughalsarai ya zamani, ambayo tangu 2018 inaitwa Pandit Deen Dayal Upadhyaya, ng'ambo ya mto.

Viza inaombwa kwenye intaneti kupitia tovuti ya serikali ya India, ile yenye gov.in mwishoni. Tovuti za kuiga ni nyingi na zinatoza mara mbili. Na kadi ya njano! India hawana mzaha na homa ya manjano. Ukitoka au ukipitia nchi iliyo kwenye orodha yao, na Kenya, Uganda na Congo zimo, unatakiwa kuwa na chanjo iliyotimiza siku 10, la sivyo wana haki ya kukuweka karantini hadi siku 6. Mtanzania anayepitia Nairobi asiseme "mimi sikutoka uwanjani". Beba kadi.

Mjini gari linaishia njia panda ya Godowlia au karibu yake. Kuanzia hapo ni miguu, na begi la magurudumu kwenye vichochoro vile ni adhabu. Begi la mgongoni ndilo.

Miezi gani ni mizuri?

Oktoba hadi Machi. Ila katikati ya Desemba na Januari kuna ukungu mzito: ndege zinachelewa, treni zinachelewa zaidi, na baridi ya alfajiri mtoni si ya kanzu na khanga. Nilinunua koti la mtumba wiki ya kwanza.

Mei na Juni joto linapita nyuzi 40, na mawe ya ghati yanaunguza nyayo. Julai hadi Septemba ni mvua, mto unapanda na kuzifunika ngazi, ghati haziungani tena, na boti zinapigwa marufuku. Aarti, ibada yao ya mwanga ya jioni, inahamia juu, kwenye mapaa, na moto wa kuchomea maiti nao unahamia juu. Watalii wanakimbia msimu huu. Mimi niliupenda, mji unabaki na wenyewe.

Kama unaweza kuchagua usiku mmoja tu wa mwaka, chagua Dev Deepawali, mbalamwezi ya mwezi wa Kartik wa kalenda ya Kihindu, siku 15 baada ya Diwali. Kila ngazi ya kila ghati inawekwa vitaa vya udongo. Vyumba vinaisha mapema sana, na bei zinakuwa za ajabu.

Hiyo aarti ya jioni ni nini, na nikae wapi?

Ni ibada ya kumtolea mto mwanga, maana Ganga kwao ni mama na ni mungu wa kike. Inafanyika kila jioni Dashashwamedh, kiangazi karibu saa 1 usiku, kipupwe karibu saa 12 jioni, kwa muda wa dakika 45 hivi. Vijana kadhaa waliovaa hariri wanasimama kwenye majukwaa, wanapuliza baragumu la kombe la baharini, kisha wanazungusha kwa pamoja moshi wa ubani, halafu taa za shaba zenye ngazi ngazi za ndimi za moto. Kengele hazinyamazi.

Umbo hili la kupangwa pamoja si la kale sana, ni la miongo michache iliyopita. Wako wanaolidharau kwa sababu hiyo. Mimi nilikaa mara nyingi karibu na bibi mmoja mwuza maua, na kila taa ilipopita aliinua viganja, akausogeza ule mwanga usoni kama mtu anayenawa. Kwake hayakuwa maonyesho.

Fika saa nzima kabla ukitaka kukaa kwenye ngazi. Ukiwa kwenye boti unaona majukwaa yote kwa mbele, lakini boti zinafungwa ubavu kwa ubavu na ukishaingia hutoki mpaka mwisho. Watoto watakuuzia kijitaa kwenye bakuli la majani na maua ya rangi ya chungwa, ukiweke kielee mtoni. Nunua, bei ni ndogo. Kuingia ni bure. Anayekuambia kiti cha plastiki mbele ni cha "mchango wa lazima" mwache akapumzike.

Asubuhi kuna nyingine Assi, iliyoanza 2014, karibu saa 11 alfajiri. Ina muziki na mazoezi ya kuvuta pumzi, na watu ni wachache. Kwa macho yangu ndiyo nzuri zaidi.

Boti: lini, na bei inapatanwaje?

Alfajiri, kabla jua halijatoka. Chukua ya makasia kama inapatikana. Nyingi siku hizi zina injini. Wenye boti ni jamii ya Mallah, kazi ya baba na babu, na wanaujua mto kama mvuvi wa Tanga anavyoujua mkondo wa bahari.

Kabla ya kukanyaga boti muelewane mambo matatu: bei ni ya boti nzima au ya mtu mmoja, ni saa ngapi, na mnaishia wapi. Bila hivyo mtagombana mkishafika, na mto haujali nani mkweli. Kuna boti za kuchanganya abiria pale Dashashwamedh, rahisi sana kwa aliye peke yake.

Naweza kuoga mtoni? Maji ni salama?

Ruhusa unayo. Usalama ni jambo jingine.

Mahujaji wanazama mara tatu au zaidi, wanachota maji kwa viganja na kuyarudisha mtoni kuelekea jua, na wengi wanakunywa. Wanaume wanavaa bukta au shuka, wanawake wanaoga na nguo zao zote. Usije na nguo ya kuogelea ya Bamburi.

Maji taka ya mji yanaingia humo, na hilo si siri. Aliyelipigia kelele zaidi alikuwa Veer Bhadra Mishra, kuhani mkuu wa hekalu la Sankat Mochan, ambaye pia alikuwa profesa wa uhandisi wa maji katika Chuo Kikuu cha Banaras Hindu. Alianzisha taasisi ya kuutetea mto mwaka 1982, akafariki 2013. Asubuhi alioga mtoni kwa imani yake, mchana alipima vijidudu vya maji yale yale kwa elimu yake. Alikuwa akieleza kwamba mama akichafuka, mtoto hamkani, anamwosha.

Sasa wewe: ukiamua kuzama, usiwe na kidonda, funga mdomo, nenda upande wa kusini karibu na Assi maji yanakoingilia mjini, ukaoge tena bafuni. Ngazi za chini zina ukoga, zinateleza vibaya, na baada ya ngazi ya mwisho kina kinaanguka ghafla. Shika mnyororo uliopigiliwa mawe. Mimi niliishia kutia miguu.

Nimesikia wanachoma maiti hadharani. Inafaa kwenda kutazama?

Hili ndilo swali la kila mtu, na wengi wanaliuliza kwa sauti ya chini.

Ghati za kuchomea ni mbili, Harishchandra na Manikarnika. Manikarnika ndiyo kubwa, inawaka usiku na mchana. Wahindu wanaamini anayefia Kashi anafunguliwa kutoka kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa, wanaita moksha. Kwa hiyo wako wanaokuja kusubiri kifo mjini, na zipo nyumba za kuwapokea, chumba kwa wiki mbili, ndugu wakiwa pembeni.

Maiti inaletwa juu ya machela ya mianzi, imefunikwa kitambaa kinachometameta, wabebaji wanaitikiana "Ram naam satya hai", jina la mungu Ram ndilo kweli. Vichochoroni wanapita mbio. Ukiwasikia nyuma yako jibanze ukutani. Inazamishwa mtoni kidogo, inaachwa ngazini ijichuje. Kuni zinapimwa kwenye mizani kubwa kama ya pamba, kilo mia kadhaa kwa mtu mmoja, na mwenye uwezo anaongeza sandali. Moto haupigwi kiberiti: unachukuliwa kwa jamii ya Dom, walinzi wa moto ambao wanasema haujawahi kuzimika. Wamewekwa chini kabisa kwenye tabaka, lakini bila wao hakuna mfalme anayechomwa.

Nilikwenda mara ya kwanza Februari, na mwanafunzi mwenzangu mwenyeji. Tulisimama juu, mbali. Kulikuwa na kijana wa rika langu, kichwa kimenyolewa muda huo huo, amevaa shuka jeupe lisiloshonwa. Aliuzunguka mkusanyiko wa kuni mara tano, akautia moto. Hakuna aliyelia. Mwenzangu alininong'oneza kwamba machozi yanamzuia marehemu kuondoka. Saa tatu baadaye yule kijana alibeba chungu cha maji begani, akaupa moto kisogo, akakitupa nyuma bila kutazama. Kilipasuka juu ya majivu. Akapanda ngazi, akapita karibu yetu, hakugeuka. Ndivyo inavyotakiwa, asigeuke.

Basi jibu langu: nenda kama unavyokwenda msibani kwa mtu usiyemjua vizuri. Nguo ya heshima, simu mfukoni, simama pembeni, sauti chini. Picha hazipigwi, hata kutoka kwenye boti, hata "ya mbali tu". Je, ungependa mgeni akupigie picha ukimshusha mama yako kaburini? Kwa desturi wanawake wa familia hawaji kwenye moto. Wanawake wageni hawafukuzwi, ila wasisogee. Na kama unajijua una moyo mwepesi, usiende. Hakuna cheti kinachotolewa.

Si kila maiti inachomwa. Watoto wadogo, wajawazito na watawa kwa desturi wanafungwa jiwe na kuzamishwa mtoni. Nakwambia mapema usishtuke ukiona boti imebeba kitu kilichofungwa.

Matapeli wapo?

Wapo, na wakali wao wako hapo hapo Manikarnika. Wahenga walisema kufa kufaana.

Yangu niliyaona wiki ya pili. Mwanamume mtulivu, Kiingereza safi, akaniambia yeye ni mtumishi wa nyumba ya wanaosubiri kufa, hataki pesa, anaeleza tu. Akaeleza vizuri kweli. Mwisho akanipeleka kwa bibi mmoja aliyekaa kwenye kona yenye giza, bibi akaniwekea mkono kichwani, na yule bwana akasema: mchangie kuni, kilo moja ni kiasi hiki, mtu anahitaji kilo nyingi, karma yako itakuwa njema. Niliona aibu kukataa mbele ya mzee, nikatoa pesa ya chakula ya wiki nzima. Mwenzangu wa bwenini alicheka mpaka akakaa chini: kila mgeni ana bibi yake.

Wengine ni wadogo wadogo. Anayekupa mkono wa salamu, ghafla anaukanda kiganja, kisha bega, kisha anataka malipo ya masaji. Anayekupaka alama ya rangi kwenye paji la uso bila kuulizwa. Dereva anayeapa hoteli yako imeungua au imefungwa. Anayekupeleka "kwa mjomba" kiwanda cha hariri, naye anachukua kamisheni. Sema "nahi" mara moja, endelea kutembea, usieleze sababu. Sisi watu wa pwani tunaponzwa na kuona haya.

Familia yetu ya Kihindu inataka kupeleka majivu. Utaratibu ukoje?

Swali hili linatoka kwa majirani zangu, kwa hiyo nalijibu kwa tahadhari. Kwa ndege beba chombo kilichofungwa vizuri, cheti cha kifo na hati ya mahali alipochomewa, na uwaulize mapema shirika la ndege na ubalozi wa India. Chombo cha chuma kinasumbua kwenye mashine za ukaguzi. Cha mbao au plastiki ni rahisi.

Ukifika unahitaji pandit. Bora apatikane kupitia hekalu lenu la nyumbani au jamaa kuliko yule atakayekukuta ngazini. Muulize kabla: ibada ipi, vifaa vinajumuishwa au la, sadaka yake kiasi gani, na je, boti iko ndani ya bei. Yeye ataanza kwa kumtajia mto jina lako, la ukoo na la marehemu. Boti inakwenda katikati, majivu yanamwagwa, maua yanafuata. Wengine wanaongeza pinda, madonge ya wali au unga kwa ajili ya mababu, na maji yenye ufuta. Kipindi maalumu cha mababu ni Pitru Paksha, karibu Septemba, mji unajaa wanaume walionyoa.

Akikatisha ibada katikati kudai nyongeza, mlipe mlichokubaliana, umshukuru, basi.

Tule nini?

Asubuhi kachori na mchuzi wa viazi, jalebi za moto, na chai kwenye kikombe cha udongo unachokitupa ukimaliza. Mtindi wa lassi unaletwa kwenye bakuli la udongo, na utando wa maziwa juu. Kipupwe tu kuna malaiyo, povu la maziwa lenye zafarani. Likipigwa na jua linanywea, kwa hiyo linauzwa asubuhi. Karibu na ghati vyakula vingi havina nyama.

Tambuu! Hapa ndipo nilipojisikia nyumbani. Tambuu ya Banaras inaimbwa India nzima, na aliyekulia kwa bibi mwenye kijaluba cha uraibu atavitambua vyote, popoo, chokaa, katu. Ila wao wanaiweka shavuni ikae, hawaitafuni haraka. Sema "meetha" upewe tamu isiyo na tumbaku. Madoa mekundu kwenye kuta si damu.

Tahadhari: neno letu bangi ni lao, bhang. Inauzwa kwenye maduka yenye leseni, na inatiwa kwenye lassi. Mhudumu akikuuliza "special?" usiitikie kwa adabu tu. Mtanzania mwenzangu mmoja aliitikia, akalala siku moja na nusu.

Watu weusi tunapokelewaje?

Utatazamwa. Sana. Mahujaji wengi wametoka vijijini na hawajawahi kumwona Mwafrika, wataomba picha na familia nzima, bibi atakushika nywele. Mara nyingi ni udadisi, mara nyingine ni dharau, na utajua tofauti kwa macho yao. Kupanga chumba kwa muda mrefu ndiko nilikoonja ubaguzi. Mwenye nyumba alisema chumba kipo kwenye simu, kikapotea aliponiona. Kwenye ghati sikuwahi kufukuzwa wala kutukanwa. Neno "didi", dada, au "bhaiya", kaka, likitangulia sentensi yako linafungua milango mingi. Mzee mwongezee "ji".

Dada anayesafiri peke yake: mchana tembea utakavyo. Usiku, baada ya aarti, rudi na wenzako kwa njia yenye taa, si kwa kando ya maji.

Nina siku moja ya ziada. Sarnath au Ramnagar?

Sarnath, kilomita 10 hivi. Hapo ndipo Buddha alipotoa mahubiri yake ya kwanza, na jumba la makumbusho lina simba wanne wa Ashoka, mfalme wa kale wa India, wale walioko kwenye nembo ya India. Ijumaa limefungwa. Ngome ya Ramnagar imechakaa, nenda kwa ajili ya kuvuka mto.

Naweza kurudi na maji ya Ganga?

Watu wanakwenda nayo duniani kote. Dukani utaona vichungu vya shaba vimefungwa kwa risasi juu, maji ndani. Yaweke kwenye begi la kupakia, si la mkononi, uvifunge kwa plastiki mbili na nguo usizozipenda. Jirani yangu aliniagiza kimoja. Kilivuja juu ya mtandio wa hariri niliomnunulia mama, nusu ikamwagika. Nilimpelekea jirani nikiwa nimejiandaa kuomba radhi. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitikisa sikioni kusikia kama kimebaki kitu, akatabasamu, kisha akauliza ule mtandio uko wapi.